Ahadi iliyommaliza kachero Matthäi

IKIWA ulikulia katika nyumba yenye vitabu vya Kiswahili, msomaji, basi Bwana Msa si mgeni kwako. Ni yule mpelelezi wa Unguja mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, aliyebuniwa na marehemu Muhammed Said Abdulla. Hadithi yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la mwaka wa 1957-58 na ikatoka kama kitabu mwaka wa 1960. Zikafuata nyingine: Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na kadhalika.

Utamu wa hadithi hizo uko mwishoni. Watu wamechanganyikiwa, kila mmoja anamshuku mwenzake, kisha Bwana Msa anapuliza moshi na kuanza kueleza. Neno lililotamkwa kurasa nyingi nyuma linapata maana. Mtu tuliyemdhania mwema anainamisha kichwa. Unafunga kitabu, unazima taa na kulala ukijua kwamba dunia, hata ikivurugika vipi, ina mwenye akili wa kuipanga.

Leo nataka kukusimulia habari za kachero mwingine. Naye ana akili, pengine kuliko wote uliowahi kuwasoma. Alifikiri sawasawa, hatua kwa hatua, na fumbo akalifumbua. Hata hivyo aliishia kuwa mlevi mchafu aliyeketi kwenye benchi la mawe nje ya kituo cha petroli, akinung'unika kwamba anamngoja mtu, na kwamba mtu huyo atakuja.

Jina lake ni Matthäi.

Aliyembuni ni Friedrich Dürrenmatt, mwandishi wa Uswisi aliyezaliwa mwaka wa 1921, mtoto wa mchungaji wa kanisa katika kijiji cha Konolfingen, na aliyefariki mwaka wa 1990. Huenda humjui kwa jina. Lakini kama uliwahi kutazama Hyènes, filamu ya Msenegali Djibril Diop Mambéty ya mwaka wa 1992, ile ya bibi kizee tajiri anayerudi kwao na kuahidi utajiri mkubwa ikiwa watu wa mji watamuua mwanamume aliyemharibia ujana, basi mmeshakutana. Filamu hiyo ilitokana na mchezo wa kuigiza ambao Dürrenmatt aliuandika mwaka wa 1956.

Kitabu chenye habari za Matthäi kilitoka miaka miwili baadaye, mwaka wa 1958. Jina lake kwa Kijerumani ni Das Versprechen, yaani Ahadi. Kilizaliwa kwa njia isiyo ya kawaida. Mtayarishaji mmoja wa filamu alimwomba Dürrenmatt hadithi ya kuwaonya wazazi juu ya watu wanaowawinda watoto. Hadithi ikaandikwa, filamu ikatengenezwa, na mwishoni muuaji akanaswa kama ilivyotarajiwa. Mwandishi mwenyewe hakuridhika. Aliketi tena akaiandika upya kama kitabu, na safari hii akaubadilisha mwisho. Chini ya jina la kitabu akaongeza maneno machache yanayosema kwamba hii ni misa ya wafu kwa ajili ya hadithi za upelelezi.

Nitakueleza mwisho huo. Usinilaumu kwamba nimekuharibia uhondo, maana Dürrenmatt anatuonyesha yule mlevi wa kwenye benchi katika kurasa za mwanzo kabisa. Mwandishi wa hadithi za upelelezi anapewa lifti na mkuu mstaafu wa polisi kutoka mji wa Chur hadi Zürich. Njiani wanasimama kununua petroli. Nje kuna mzee ambaye hajanyoa ndevu, ananuka pombe. Ndani kuna msichana anayewahudumia. Ana miaka 16, lakini uso wake umezeeka kabla ya wakati. Wakiwa garini tena, mkuu wa polisi anamweleza mwenzake kwamba yule mzee alikuwa ofisa hodari kuliko wote aliowahi kuwa nao.

Kisha anaanza kusimulia.

SIKU YA MWISHO KAZINI

Matthäi alikuwa mtu wa miaka zaidi ya 50, hana mke, hana mtoto, anaishi hotelini. Sigara havuti, pombe haonji. Wenzake katika polisi ya Zürich walimheshimu lakini hawakumpenda, kwa kuwa alifanya kazi kama mashine. Mipango ilikuwa imekamilika aende Jordan kusaidia kupanga upya kikosi cha polisi cha huko. Mizigo ilikuwa tayari.

Simu ikalia. Mchuuzi mmoja aitwaye von Gunten, wa kutembeza bidhaa kijiji hadi kijiji, alikuwa ameiona maiti ya mtoto wa kike msituni karibu na kijiji cha Mägendorf. Mtoto huyo ni Gritli Moser, mwenye sketi nyekundu, aliyekuwa akienda kwa nyanya yake. Aliuawa kwa wembe.

Lazima mtu aende kuwaambia wazazi. Maofisa wote wanatazama kando, na Matthäi anakubali kwenda yeye. Mama anapokwisha kuelewa alichoambiwa, anataka kujua ni nani aliyefanya hivyo. Matthäi anajibu kwamba atamtafuta. Mama haridhiki. Anamtaka aahidi, tena kwa wokovu wa roho yake mwenyewe. Na Matthäi anaahidi.

Tazama, msomaji, sababu ya kuahidi kwake. Alisema hivyo hasa ili apate kuondoka pale. Ni nani kati yetu hajawahi kutoa ahadi ya namna hiyo, amesimama mlangoni pa wafiwa, hajui aiweke wapi mikono yake? Tangu utotoni tunaambiwa kwamba ahadi ni deni. Deni hili lilikopwa kwa nusu dakika.

Wanakijiji, kwa upande wao, walikuwa wamekwisha kumpata muuaji wao. Von Gunten alikuwa mgeni, maskini, na zamani aliwahi kuhukumiwa kwa kosa linalohusu msichana mdogo. Umati ulilizunguka gari la polisi, ukitaka akabidhiwe kwao. Matthäi aliwakabili kwa hoja tupu, pole pole, hadi wakafungua njia.

Lakini jambo ambalo umati ulishindwa kulifanya kwa dakika chache, polisi walilifanya kwa muda mrefu zaidi. Walimhoji mchuuzi yule kwa zaidi ya saa 20 mfululizo, wakipokezana. Hatimaye akakiri. Halafu akajinyonga katika seli yake. Faili likafungwa, na kila mtu, kuanzia mkuu mwenyewe, akashusha pumzi. (Mkuu huyo mstaafu halifichi jambo hili anaposimulia, nami naona ni moja kati ya sehemu za kitabu zinazomfanya msomaji amwamini.)

Matthäi peke yake hakushawishika. Alifika uwanja wa ndege, na pale akaliona kundi la watoto, wakicheka na kupunga mikono. Muuaji wa Gritli, kwa hesabu zake, bado alikuwa hai na angeua tena. Ndege ikaondoka bila yeye.

Alipogeuka nyuma hakuwa na kazi. Nafasi yake ilikuwa imekwisha kupewa ofisa mwingine, Henzi, yule yule aliyemfanya mchuuzi akiri. Mtu ambaye hakuwahi kuvuta sigara alianza kuvuta. Mtu ambaye hakuwahi kunywa akaanza kunywa. Na akaanza kufikiri, bila cheo, bila ofisi, bila mkubwa wa kumwambia basi.

MCHORO WA KALUNGUYEYE

Hapa ndipo hadithi inapokuwa tamu kwa mpenzi wa upelelezi, na ndipo hasa Dürrenmatt anapotutegea mtego sisi wasomaji.

Kabla ya kufa, Gritli alimwambia rafiki yake kwamba amekutana na jitu msituni, na kwamba jitu hilo lilimpa vikalunguyeye. Watu wazima walichukulia kwamba ni ndoto za watoto. Matthäi alikwenda shuleni akapewa mchoro ambao Gritli aliuchora darasani. Ndani yake mlikuwa na mtu mkubwa mweusi, msichana mdogo, gari, mnyama wa ajabu mwenye pembe, na vitu vidogo vyenye miiba vikidondoka kama mvua.

Matthäi aliuchukulia mchoro huo kama ushahidi wa shahidi mwenye akili timamu. Jitu ni mwanamume mrefu mwenye mavazi meusi. Gari ni gari. Mnyama mwenye pembe? Ukipita katika barabara za Uswisi utaona kwamba kila jimbo lina nembo yake kwenye nambari za magari, na nembo ya jimbo la Graubünden inaonyesha mbuzi wa milimani mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma. Muuaji, basi, anaendesha gari lililosajiliwa Graubünden. Tena kulikuwa na vifo viwili vya awali, vya wasichana wadogo waliouawa kwa njia hiyo hiyo katika majimbo mengine. Ukiyaweka yote hayo kwenye ramani, mtu wako ni msafiri anayepita mara kwa mara kati ya Graubünden na Zürich.

Umeona jinsi inavyovutia? Nilipofika sehemu hiyo mara ya kwanza nilikuwa ndani ya basi, na nikapitiliza kituo changu. Kila kipande kinaingia katika kingine. Unahisi kwamba ukimpa Matthäi muda kidogo tu, atamshika mtu huyo shati.

Kuna mmoja aliyeliona jambo lingine. Matthäi aliupeleka mchoro kwa daktari wa akili ili amwulize habari za muuaji. Daktari alimjibu kwa kirefu, akieleza ni mtu wa namna gani anayeweza kuua hivyo na chuki yake huenda inatoka wapi. Lakini muda wote daktari alikuwa akimchunguza mgeni wake zaidi ya anavyouchunguza mchoro, na alichokiona kilimtia wasiwasi.

Siku moja Matthäi aliwakuta wavulana wakivua samaki. Akawauliza hufanyaje kumnasa samaki mkubwa anayekula wenzake. Wakamweleza kile ambacho mvulana yeyote wa Mbita au Lamu angemweleza: kwanza ujue samaki wako anapita wapi, pili uwe na chambo anachokipenda.

CHAMBO

Sehemu ya kupita alikuwa nayo. Alinunua kituo cha petroli kando ya barabara inayotoka Graubünden kwenda Zürich. Yule kachero aliyekuwa aende kupanga polisi ya Jordan akavaa ovaroli na kupangusa vioo vya magari, huku jicho likiwa kwenye nambari.

Chambo alikipata pia. Alimwajiri mwanamke mmoja aitwaye Heller amtunzie nyumba. Mama huyo alikuwa ameishi maisha magumu na watu walimnyanyapaa kwa ajili ya kazi aliyowahi kuifanya. Hakuwa na wengi wa kumfungulia mlango. Alidhani amepata mtu mwema ambaye hajali ya zamani. Alikuwa na binti mdogo, Annemarie. Annemarie alifanana na Gritli Moser.

Matthäi alimpenda mtoto yule, au alionekana kumpenda. Alimsimulia hadithi jioni, akamwacha achezee nje karibu na barabara, ambako kila anayenunua petroli angemwona.

Miezi ikapita. Halafu siku moja Annemarie alichelewa kutoka shule. Matthäi alimkuta katika uwazi mdogo msituni, karibu na kijito, peke yake, akingoja. Alikuwa na chokoleti, zile za mviringo zenye vincha vincha kila upande.

Vikalunguyeye!

Nakuomba usimame hapo kidogo, msomaji, kama nilivyosimama mimi. Matthäi alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi dhidi ya mkuu wake, dhidi ya Henzi, dhidi ya faili lililofungwa. Mchoro wa mtoto ulisema kweli. Mtu mrefu mwenye gari la Graubünden alikuwa amepita, ameona, amekula chambo.

Aliwaita wenzake wa zamani. Walikuja, mkuu akiwa miongoni mwao, wakajificha vichakani kuuzunguka ule uwazi. Annemarie alikuja, akaketi, akaimba, akangoja. Wao wakangoja. Siku ikapita, na nyingine, na nyingine. Mtoto yuko pale kila alasiri na sketi yake nyekundu, na maofisa wenye bastola wanamchungulia kutoka nyuma ya miti.

Hakuja mtu.

Mwishowe uvumilivu uliwaishia. Walitoka vichakani, watu wazima watumishi wa sheria, wakamzunguka mtoto, wakamfokea awaambie anamngoja nani. Hata mikono iliinuliwa. Mama yake alitokea, akaona, akaelewa mara moja kwa nini alipewa kazi, kwa nini walipewa nyumba, kwa nini mwanawe alipendwa.

Polisi walirudi Zürich. Matthäi akabaki. Hesabu zake zilisema mtu huyo lazima aje, na kama hakuja leo ni kwa sababu atakuja kesho. Wahenga walisema subira huvuta heri, lakini wao hawakumjua Matthäi. Mwaka ukaisha, na mwingine. Pombe ikazidi. Kituo kikachakaa. Heller na binti yake hawakuwa na pa kwenda, wakabaki naye katika nyumba ile, na mtoto akakulia hapo.

MAYAI YA MWISHO

Jibu lilipatikana baada ya miaka, na halikupatikana na kachero yeyote. Bibi kizee mmoja aitwaye Schrott, akiwa hoi kitandani hospitalini, alimwomba mkuu wa polisi aje amsikilize. Alizungumza kwa mizunguko mirefu, akisifu ukoo wake, akimteta dada yake. Ilikuwa karibu mkuu ainuke aende zake.

Kumbe mume wa pili wa bibi huyo, Albert, kijana aliyekuwa mtumishi wake kabla ya kumwoa, alikuwa na kazi ndogo ya kila mara: kumpelekea dada wa bibi mayai Zürich kwa gari. Mara tatu alirudi nyumbani akiwa amemwua msichana mdogo. Bibi alijua. Kila mara alimgombeza, akamwahidisha kwamba hatarudia, akanyamaza ili jina la familia lisichafuke.

Mara ya nne Albert alimwambia kwamba kuna msichana mwingine kwenye kituo cha petroli. Aliingia garini akaondoka. Njiani akagongana na lori, akafa papo hapo.

Ndiyo sababu hakuja. Alikuwa njiani kuja.

Kama lori lile lingechelewa kwa dakika moja, Matthäi angemkamata, Henzi angeona haya, na mimi leo ningekuwa ninakuandikia makala kuhusu kachero hodari kuliko wote duniani. Mkuu wa polisi analalamika katika kitabu kwamba waandishi wa hadithi za upelelezi wanaijenga dunia kama mchezo wa chesi, ambamo ukizijua kanuni utashinda. Katika kazi yake, anasema, bahati na nasibu huingilia kila siku, na asiyezihesabu atapigwa nazo. Mwaka wa 1962, katika maelezo aliyoyaambatanisha na mchezo wake kuhusu wanafizikia, Dürrenmatt alilirudia wazo hilo kwa ukali zaidi: kadiri mtu anavyopanga mambo yake kwa makini, ndivyo ajali inavyompata pabaya.

Wako waandishi wengine waliomnyoa kachero wao kwa wembe wa namna hiyo. Jorge Luis Borges wa Argentina, mwaka wa 1942, alimbuni mpelelezi Erik Lönnrot. Mwanazuoni wa Kiyahudi amechomwa kisu hotelini. Mkuu wa polisi anasema, bila madoido, kwamba pengine mwizi alikuwa anavitafuta vito vya thamani katika chumba kinachotazamana na hicho, akakosea mlango. Lönnrot anakubali kwamba hilo linawezekana, ila halivutii. Yeye anataka maelezo yenye elimu, yanayohusu jina la siri la Mungu. Kumbe mkuu alikuwa sahihi tangu asubuhi ile. Jambazi mwenye kisasi na Lönnrot alisoma gazetini jinsi kachero anavyofikiri, akampangia vifo na ishara za kumridhisha, hadi Lönnrot akachukua ramani na bikari, akapima, akajipeleka mwenyewe katika nyumba ambako bastola ilimngoja.

Wanafunzi wa fasihi hupenda kuwaweka wawili hawa pamoja. Mimi naona Lönnrot tunaweza kumcheka kidogo. Alilikataa jibu dogo kwa sababu ya majivuno, na aliyelipa ni yeye. Matthäi hatumcheki. Hakuwa na majivuno ya elimu, na jibu lake lilikuwa la kweli. Kilichomwangusha ni kwamba hakuweza kuliacha. Lori lilikuwa jambo la nasibu, lakini miaka yote iliyofuata kwenye benchi haikuwa ya nasibu. Kila asubuhi alipoamka alikuwa na nafasi ya kusema: huenda nilikosea, au huenda kuna jambo limetokea nisilolijua. Mtu mwenye akili ndogo kuliko yake angeweza kulisema. Yeye hakuweza, kwa sababu kila alipoikagua hesabu aliikuta haina kosa.

Tena kuna jambo ambalo watu wengi wanaokisifu kitabu hiki hulipita haraka. Hata kama Albert angefika, hata kama angekamatwa na kisu mkononi, Annemarie angekuwa bado ni mtoto aliyewekwa kando ya barabara kama mnyoo kwenye ndoana. Ahadi aliyopewa mama mmoja ililipwa kwa mtoto wa mama mwingine, mama ambaye hakuulizwa. Matthäi hakuwa katili. Alikuwa na uhakika tu, na uhakika ule ulimtosha asimwulize mtu.

Filamu ya kwanza, ile ya mwaka wa 1958, ilimpa Matthäi ushindi wake. Mwaka wa 2001 Mmarekani Sean Penn alitengeneza nyingine, The Pledge, akaihamishia kwao Marekani na kumpa Jack Nicholson nafasi ya kachero. Hiyo ilifuata kitabu: Nicholson anabaki nje ya kituo cha petroli kilichochakaa, akijisemea peke yake. Ukiipata, itazame na vijana wako wakubwa. Wadogo walale kwanza. Kitabu chenyewe ni kifupi, kinaweza kusomwa Jumapili moja, na tafsiri yake ya Kiingereza ipo.

Ukikisoma, rudi kwenye zile kurasa za mwanzo. Wageni wawili wameingia kutoka barabarani, na wote wanamfikiria mzee wa nje. Annemarie anawaletea walichoagiza. Ana miaka 16. Hakuna anayemwuliza lolote, na yeye hajui kwamba mtu aliyempa chokoleti amekufa zamani. Anapokea pesa. Nje, Matthäi anaitazama barabara ya Graubünden.